Neno "Boy" na Heshima ya Mtu Mzima

Leo twachukua neno dogo la Kiingereza ambalo kila mwanafunzi hulijua tangu somo la kwanza: "boy". Kitabu chatuambia kwamba maana yake ni mtoto wa kiume. Ni kweli, lakini neno hili lina historia yake.

Yapata miaka 700 iliyopita, Waingereza walimwita hivyo mtumishi au mtu wa hali ya chini. Maana ya mtoto wa kiume ilienea baadaye, wala ile ya utumishi haikufa. Katika makoloni, mpishi au dobi mwenye mvi na wajukuu aliitwa "boy", hata na watoto wa bwana wake. Nasi huku tukalipokea neno hilo, tukasema "boi" na "maboi".

Huko Marekani pia watu weusi wazima waliitwa hivyo. Mwaka 1968, katika mji wa Memphis, wazoa taka wapatao 1,300 waligoma baada ya wenzao wawili kuuawa na mtambo wa gari la taka. Walidai mishahara bora na usalama kazini. Lakini mabango yao yalikuwa na maneno machache tu, yenye maana hii: Mimi ni mwanamume. Hilo ndilo jibu walilolipa neno "boy".

Basi, mtoto wa kiume ukimwita "boy" hukukosea. Mtu mzima anayekupikia au kukufulia, muulize jina lake, umwite kwa hilo.