Sauti na Masikio

Wapendwa, tunaposherehekea yubile hii hapa Gachoka, hatuwezi kusahau Julai 13, 1991. Usiku huo wasichana 19 walifariki katika shule ya upili ya St. Kizito, Meru, baada ya wavulana wa shule hiyo kuvamia bweni lao. Sisi tulikuwa tumezoea kuzuru shule mara moja kwa mwaka, tukiwaombea watahiniwa na kuwaimbia, kisha kurudi nyumbani. Tukajiuliza: binti mwenye hofu angemwambia nani? Tangu hapo, wimbo wa mwisho ukiisha hatukimbilii gari. Akina mama huketi na wasichana, akina baba na wavulana, tukiwasikiliza. Mungu aliyetupa sauti alitupa na masikio. Utukufu ni wake.