Jicho la Dereva: Kuegesha Gari Vilimani Mbooni

Mbumbuni, soko la Mbooni Mashariki katika Kaunti ya Makueni, humpima dereva kuliko barabara kuu ya Mombasa. Kuna mteremko, vumbi, bodaboda, mkokoteni wa punda, na watoto wanaopita kati ya magari yaliyosimama. Hapa ndipo mtu anapotambua kwamba thamani ya gari iko pia mbele ya macho ya dereva, ndani, wala si kwenye injini peke yake.

Kwa miaka mingi Kenya ilikuwa nchi ya Peugeot. Modeli ya 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966 hadi 1968, na zile ndefu za kubeba abiria zikasafirisha watu na mizigo masafa marefu. Gia ya 404 ilikaa kwenye mhimili wa usukani. Dereva hakuhitaji kuinama kuitafuta, na sakafu ya mbele ilibaki wazi. Lakini wakati wa kurudi nyuma aligeuza shingo tu, au alimtegemea makanga, aliyesimama nje akigonga bodi: endelea, endelea, simama! Huo ndio uliokuwa usaidizi wa kuegesha, na ulikuwa mzuri.

Wajapani waliigeuza kazi ya makanga kuwa mitambo. Mwaka 1982 Toyota Corona ilipata vihisi vya sauti vya kupima umbali wa kilichoko nyuma, na mwaka 1991 Toyota Soarer iliuzwa huko Japani ikiwa na kamera ya nyuma. Vifaa vya namna hiyo vilifika huku kwetu Ukambani baadaye, ndani ya magari yaliyotumika. Kwa kuwa Wajapani nao huendesha upande wa kushoto, usukani ulikuwa tayari kulia. Lugha ndiyo iliyobaki ya kwao: hadi leo kuna madereva wanaosalimiwa kila asubuhi kwa Kijapani na sauti inayodai kadi ya kulipia barabara za huko.

Kamera ni msaada mkubwa, lakini vumbi la murami huifunika mapema. Kifaa ninachokiheshimu zaidi ni kile kioo kidogo kinachochomoza juu ya boneti, upande wa kushoto, kwenye magari ya Kijapani yaliyoinuka juu. Hakikuwekwa kwa urembo. Kanuni za Japani humtaka dereva wa gari la namna hiyo aweze kuona nguzo ya urefu wa mita 1 na upana wa sentimita 30 iliyosimama karibu kabisa na gari, mbele au ubavuni kushoto. Nguzo hiyo ni mtoto. Dereva aliyeketi kulia, juu, hawezi kumwona bila kioo hicho, hata ajinyooshe vipi. Kioo hakihitaji umeme wala lugha, na kikichafuka kinafutwa kwa kiganja.

Hata hivyo wako wamiliki wanaokiondoa kwa sababu wanakiona kibaya. Hilo linanisikitisha, maana kifaa hicho kilibuniwa kwa ajili ya mtu aliye nje. Ndugu yangu, kama gari lako lina kioo hicho, kiache mahali pake. Kifute kabla ya kuwasha injini, na ukitazame kabla ya kuondoka sokoni.