Sauna si Sehemu ya Selfie, Jamani!

Kuna staa wetu mmoja kaposti video yuko sauna na nguo za mazoezi, simu mkononi. Komenti zikawaka!

Turudi nyuma kidogo. Zamani vijijini kule Ufini, sauna ndiyo ilikuwa sehemu safi kuliko zote. Wanawake walijifungulia humo, na maiti walioshwa humo. Ndo maana mpaka leo Wafini wanaoga kwanza, wanavua zote, wanakalia taulo, na sauti wanashusha. Wanaume kivyao, wanawake kivyao, labda iwe familia.

Mwaka 2020 UNESCO ikautambua utamaduni huo kama urithi. Kwao uchi wa sauna si uhuni.

Spa za huku wakitaka ujifunge taulo, jifunge. Ila simu iache nje! We ungeweza? Dondosha komenti.