Boksi la Stelingi katika Hotirodi

Boksi la stelingi la hotirodi ni kifaa cha gia kinachofungwa kwenye chasisi ili kupokea mzunguko wa usukani na kuugeuza kuwa msukumo unaoyakata magurudumu ya mbele. Hotirodi ni gari kuukuu la Kimarekani, hasa Ford za miaka ya 1920 hadi 1940, lililopunguzwa uzito na kuwekewa injini yenye nguvu zaidi. Gari la namna hii hukusanywa kwa vipuri vya magari mbalimbali, hivyo boksi lake mara nyingi hutoka kwenye gari jingine kabisa, na anayelifunga hubeba dhamana ambayo kiwandani hubebwa na mhandisi. Uchaguzi huanzia kwenye njia ya draglinki, yaani fito inayopeleka msukumo wa boksi hadi gurudumu: boksi zuri lililofungwa mahali pabaya ni hatari kuliko boksi la kawaida lililofungwa panapostahili.

Historia

Hotirodi zilishamiri kusini mwa California katika miaka ya 1930, vijana walipofukuzana kwenye maziwa makavu kama Muroc. Chama cha SCTA kiliundwa mwaka 1937 kusimamia mbio hizo. Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, haikuwa na boksi kwenye chasisi. Gia zake chache zilikaa chini ya usukani wenyewe, na kila shimo la barabarani lilimfikia dereva mikononi. Ford ya 1932 ilikuja na injini ya V8 ya nguvu farasi 65. Mafundi walipoiongezea nguvu na kuivisha matairi mapana, stelingi ya zamani ilielemewa, wakaanza kutafuta maboksi kwenye magari mapya zaidi.

Njia mbili za draglinki

Katika stelingi ya pembeni, mkono wa pitmani unaotoka kwenye boksi huenda mbele na nyuma, na draglinki hupita ubavuni hadi gurudumu la upande wa dereva. Katika stelingi ya kukingama, mkono huo huenda kushoto na kulia, na draglinki hukatiza mbele ya gari hadi gurudumu la upande wa abiria. Kwa zote mbili, tairodi ndiyo inayoyaunganisha magurudumu.

Ubora wa mpangilio hudhihirika gari linapopanda tuta. Ekseli ya Ford hizi hushikwa na radiasi rodi. Ikipanda au kushuka, huchora tao kwa kuzunguka pale rodi ilipofungwa kwenye chasisi. Draglinki ya pembeni nayo huchora tao lake kutoka mkono wa pitmani. Matao hayo yasipolingana, magurudumu hujikata yenyewe kila springi inapobonyea, ingawa dereva ameutuliza usukani. Ndiyo maana draglinki ya pembeni inatakiwa kwenda sambamba na radiasi rodi, na ncha yake ya nyuma ikaribiane na mwisho wa rodi hiyo.

Stelingi ya kukingama ina shida nyingine. Springi ya mbele ya Ford hizi ni moja, imelala juu ya ekseli na kuning'inia kwa shakili pande zote mbili. Shakili huiachia ekseli nafasi ya kuyumba, basi draglinki ikisukuma, huisogeza kwanza ekseli nzima kabla ya kuyakata magurudumu. Dawa yake ni fito ya Panhard, inayofungwa kwenye chasisi upande wa boksi na kwenye ekseli upande wa pili, sambamba na draglinki na kwa urefu unaokaribiana nayo.

Kuchagua

Kwa stelingi ya pembeni, boksi la pikapu Ford F-1 ya 1948 hadi 1952 limependwa kwa miongo mingi. Ndani yake skrubu husukuma rola, hivyo msuguano hupungua. Boksi la Chevrolet Corvair nalo hutumika kwenye hotirodi nyepesi, lakini kwa stelingi ya pembeni lazima ligeuzwe kwanza. La sivyo dereva akizungusha kulia, gari litakwenda kushoto.

Kwa stelingi ya kukingama, boksi la Chevrolet Vega ya 1971 hadi 1977 ndilo lililozoeleka. Ni dogo, linakaa vizuri kando ya injini, na skrubu yake hutembea juu ya gololi. Stelingi ya reki, kama ya Ford Mustang II ya 1974 hadi 1978, inafaa zaidi gari ambalo kila gurudumu la mbele lina springi yake.

Boksi kuukuu lifunguliwe na kuoshwa kabla ya kununuliwa. Meno yenye vishimo, shafti iliyopinda au ufa kwenye masikio ya bolti ni sababu tosha ya kuliacha.

Kufunga

Mahali pa boksi papimwe injini, rejeta, ekzosi na matairi vikiwa mahali pake, na gari likiwa kwenye kimo chake cha mwisho. Chasisi ya Ford hizi ina umbo la U na hujipinda kirahisi, kwa hiyo sehemu ya boksi huzibwa kwa bamba la chuma. Uimara hujaribiwa magurudumu yakiwa chini: mmoja azungushe usukani, mwingine alitazame boksi. Chasisi ikitikisika hata kidogo, iongezewe nguvu.

Boksi hubana zaidi katikati, na hapo ndipo linapotakiwa kuwa gari likienda moja kwa moja. Fundi huzungusha shafti kutoka mwisho hadi mwisho, huhesabu mizunguko, kisha hurudi nusu yake. Magurudumu yakiwa yamenyooka, draglinki ndiyo hurefushwa au kufupishwa ifike. Kung'oa usukani na kuurudisha ukiwa umenyooka huficha kosa tu: boksi hubaki nje ya katikati, na stelingi hucheza barabarani.

Shafti ya usukani ikipitia joenti mbili, uma zake zilingane, na kila joenti isipinde zaidi ya nyuzi 30 hivi. Joenti ya tatu hudai beringi ya kuishikilia shafti. Kona hizo zina faida nyingine: shafti moja ndefu iliyonyooka inaweza kumchoma dereva kifuani gari likigonga, wakati yenye joenti hukunjika.

Marekebisho na usalama

Beringi za skrubu hurekebishwa kwanza, kisha ndipo mbano wa meno. Kingpini, yaani pini ambayo gurudumu la mbele huizunguka linapokatwa, huinamishwa nyuma kwa nyuzi 5 hadi 7 ili usukani urudi wenyewe, na matairi hubanwa mbele kwa takriban milimita 1.5 hadi 3. Vizuizi vya ekseli viyasimamishe magurudumu kabla boksi halijafika mwisho wake, maana kuligonga boksi ndani huharibu gia.

Mikono ya stelingi isichomelewe ovyo. Ikipakwa kromu, ipashwe moto kwa utaratibu mara baada ya kupakwa, kwa sababu haidrojeni inayoingia kwenye chuma hukifanya kivunjike ghafla. Kila nati ya stelingi iwe na splitipini au kifungio chake, na zote zikaguliwe tena baada ya safari za kwanza. Abiria na watembea kwa miguu hawana njia ya kuikagua kazi hiyo, wanamtegemea aliyeifanya.