Imetumika

Shangazi yangu alipoamua kurudi nyumbani baada ya miaka tisa Saudia, kazi aliyonipa ilikuwa ndogo tu: nimwandikie orodha. Wakala wa mizigo kule Jeddah alitaka karatasi moja yenye jina la kila kitu, idadi, hali yake na thamani. "Wewe ndiye msomi wetu," akaniambia kwenye simu. "Kaa chini uandike."

Msomi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na karo ya hiyo miaka miwili ilitoka kwenye mshahara wake. Hakulitaja hilo, nami sikulitaja. Nikachukua daftari.

Nilianza na maombi ya watu wa nyumbani, maana hayo yalikuwa yameshafika hata kabla yeye hajakata tiketi. Baba alitaka televisheni ya kutundika ukutani. Binamu yangu alitaka simu. Nyanya alitaka blanketi la Saudia, lile zito lenye maua makubwa, ambalo hapa Mombasa na joto letu hili sijui angelitumia mwezi gani. Mama alitaka seti ya sahani za wageni. Jirani mmoja, ambaye hata si ndugu, alituma salamu na ombi la udi. Kufikia jioni nilikuwa na vitu thelathini na kimoja, na hakuna hata kimoja ambacho Shangazi mwenyewe alikuwa amekiomba.

Kisha nikaenda kusoma sheria. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2004, ina nafuu kwa mtu anayehamisha makao na kuja kuishi huku. Nguo zake hazitozwi ushuru. Vilevile vyombo vya nyumbani vya aina yoyote, bora viwe ni vile alivyokuwa akivitumia huko alikotoka. Gari analoruhusiwa ni moja, nalo liwe ni lake na awe amelitumia kwa muda usiopungua miezi kumi na miwili. Mzigo usiofika pamoja naye una siku 90 tangu atue, au muda zaidi kama ataomba na akakubaliwa.

Neno lililonikaa kichwani ni hilo la kutumia. Kwa macho ya forodha, sufuria iliyoungua chini ni chombo cha nyumbani, na sufuria mpya ndani ya boksi yaweza kuwa bidhaa ya dukani. Nikampigia Shangazi nikamweleza: vitu vilivyotumika havina shida, ila vipya vinaweza kuulizwa.

Akanyamaza kidogo. Halafu akacheka.

"Mwanangu, mimi nimetumia kila kitu kwenye hii nyumba. Mashine ya kufulia naijua kuliko walioinunua. Oveni, pasi, mazulia, vikombe vya dhahabu vya wageni, vyote vimepita mkononi mwangu miaka tisa. Si changu hata kimoja. Vyangu viko uvunguni mwa kitanda, ndani ya maboksi, sijavifungua. Nilikuwa naviweka vya kuja navyo. Sasa hiyo sheria yasema nilete vipi?"

Sikuwa na jibu. Sheria ile humfikiria mtu mwenye nyumba: ana jikoni lake, ana kabati lake, siku ya kuhama anafungasha. Haimfikirii mtu aliyekuwa akitunza nyumba ya mwenzake. Nikaanza kujiuliza kama kuna waliowahi kurudi nyumbani kwa mtindo huo kabla yake, na walifungasha nini.

Wa kwanza sikuwatafuta mbali. Sisi twakaa Kisauni. Ukitoka mjini kwa matatu ukavuka daraja la Nyali, utafika Kengeleni, na utaiona kengele yenyewe kwenye mnara wake kando ya barabara. Hupigwa picha mara chache. Watu wako mbioni kuwahi kazi. Lakini kengele hiyo iliwekwa na mji wa watu waliorudi.

Mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alikubali mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa ya baharini. Mjumbe aliyetumwa na Waingereza kuusukuma mkataba huo alikuwa Sir Bartle Frere, aliyewahi kuwa gavana wa Bombay. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, manowari za Kiingereza zilikuwa zikikamata majahazi yenye watumwa, na wengi wa waliookolewa, watoto hasa, walipelekwa ng'ambo, Bombay wakiwemo. Baadhi ya watoto hao walilelewa Sharanpur, karibu na Nasik, kwenye makao ya misheni ya CMS. Walifundishwa kusoma na kuandika. Walifundishwa useremala na uhunzi. Wakapewa majina mapya.

Watatu kati yao, William Jones, Ishmael Semler na George David, walitangulia kuja Rabai mwaka 1864. Mwishoni mwa 1874 akaja William Salter Price, ambaye ndiye aliyekuwa akiongoza Sharanpur, na mwaka uliofuata ardhi ikapatikana bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Mji ukaitwa Freretown kwa jina la yule mjumbe. Waafrika wapatao 150 waliolelewa India wakaja kuujenga, na watumwa wengine waliokombolewa baharini wakaletwa kuishi pamoja nao. Kengele ilikuwa ya kuonya: ikilia, ujue wavamizi wako njiani kuja kuteka watu tena.

Vitabu husema watu hawa walirudi. Lakini wengi wao walinyakuliwa wakiwa wadogo kutoka bara, mbali sana na hapa, na Mombasa hawakuwahi kuishi. Kwao kurudi kulikuwa ni kufikishwa ufuoni mwa bara walikozaliwa na kuambiwa, haya, ndio nyumbani. Na walikuwa wamelelewa ndani ya nyumba isiyo yao, wakala kwenye sahani za misheni na kulala vitanda vya misheni. Wangefungasha nini? Historia haikutuachia orodha ya masanduku yao. Ilichoandika ni kile walichofanya walipofika: walifundisha shule, walihubiri, walitafsiri, walipasua mbao, walifua chuma. Kitu walichotumia India ambacho hakuna aliyeweza kukidai ni mikono iliyokwisha kuzoea kazi.

Nilimsimulia Shangazi haya usiku mmoja, yeye akiwa amemaliza kazi. Akauliza, "Na hiyo mikono forodha waliihesabu?"

Wa pili nimewapata kitabuni. Mwishoni mwa 1938 baharia na mwandishi Mwaustralia, Alan Villiers, alipanda jahazi kubwa la Kikuwait huko Aden. Nahodha wake aliitwa Ali bin Nasir al-Nejdi. Waliteremka na kaskazi hadi pwani yetu, wakapita Mombasa na Zanzibar, wakaingia kwenye delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko, kisha kusi ilipoanza wakapandisha kurudi Kuwait. Villiers aliandika safari hiyo kwenye kitabu chake Sons of Sindbad, kilichotoka mwaka 1940.

Boriti hizo zilikuwa mapaa ya nyumba. Kule Ghuba hakuna miti ya kutosha, kwa hiyo nyumba nyingi za zamani za Kuwait, Bahrain na kwingineko ziliezekwa kwa mikoko ya Lamu na Rufiji, na upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Kwa hivyo kabla dada zetu hawajaenda kufagia vyumba vya watu wa Ghuba, miti yetu ilikuwa imeshavibeba. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982. Sasa twauza nguvu za watu.

Lakini walionivutia zaidi ni mabaharia. Hawakuwa na mshahara. Mapato ya safari yaliondolewa gharama kwanza, kisha yakagawanywa, fungu la chombo na fungu la watu. Kabla ya kusafiri baharia alikuwa ameshachukua mkopo kwa nahodha ili aiachie familia chakula, na nahodha naye alidaiwa na matajiri wa mjini. Mtu angeweza kuvuta matanga miezi tisa na akirudi deni bado limesimama pale pale. Jahazi si lake, shehena si yake.

Sanduku ndilo lilikuwa lake. Kila baharia aliruhusiwa kuwa na sanduku la mbao, na ndani yake aliweka nguo zake pamoja na bidhaa ndogo ndogo za kuuza na kununua bandari hadi bandari. Faida ya humo ilikuwa yake mwenyewe. Ukitaka kujua mtu yule alipata nini kwa mwaka mzima baharini, usingetazama boriti zilizojaa ngamani. Ungemwomba akufungulie sanduku.

Mwaka ule ule wa 1938 mafuta yalikuwa yameshapatikana Kuwait, ingawa shehena ya kwanza iliuzwa nje mwaka 1946, baada ya vita. Baadaye watoto wa mabaharia hawakuhitaji tena kuja huku kutafuta riziki. Njia ikabaki ile ile ila wasafiri wakageuka, na siku hizi wanaoondoka na deni ni wa kwetu. Shangazi alipoenda, kulikuwa na pesa za kulipa kwanza. Alipomaliza kulipa, ikaja nyumba ya nyanya kuezekwa mabati. Halafu nikaja mimi.

Hapo ndipo nikaona orodha yangu ya vitu thelathini na kimoja ilikuwa imekosea tangu mwanzo. Nilikuwa nikiandika shehena ya watu wengine. Nikamtumia ujumbe wa sauti, nikamwambia yote: achana na televisheni, baba atanunua hapa Mombasa mjini, bei haitapishani sana ukitia kago. Achana na mashine ya kusaga matunda iliyo kwenye boksi, kwa sababu ni mpya na inaweza kuulizwa. Halafu nikasema jambo ambalo sikuwa nimelipanga. Nikasema, andika vitu vyako wewe, hata vikiwa viwili. Na kama kuna pahali pa kuandika karo, nitaandika, na upande wa hali nitasema ukweli.

Jibu lilikuja alfajiri, kabla hajaingia kazini. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu anayeogopa kuamsha nyumba.

"Usinitafutie pa kuandika karo. Karo nilitoa, imekwisha, wewe ulisoma ulichosoma. Watu wataniuliza miaka tisa nimeleta nini, najua. Wataangalia masanduku. Hiyo televisheni nilikuwa nataka niilete ili wasiniulize, si kwa sababu naipenda." Akanyamaza. "Andika chupa ya chai."

Chupa ya chai aliinunua mwaka wake wa pili kule. Ni nyekundu, ina kibonyeo upande mmoja. Kila usiku, akishamaliza vyombo vya mwisho, alijaza chai ya rangi na tangawizi akaenda nayo chumbani kwake, na hicho ndicho kitu pekee ndani ya nyumba ile alichokitumia kwa ajili yake mwenyewe. Baada ya hapo vingine vikaja vyenyewe. Mkasi wa kushonea na pasi ndogo, maana siku zake za mapumziko alikuwa akiwashonea madera Wakenya wenzake. Msala. Sufuria moja ndogo. Blanketi la nyanya lilibaki, kwa sababu nyanya ni nyanya. Mashine ya kusaga na maboksi mengine ya uvunguni aliyauza kwa wasichana waliokuwa bado wana miaka mbele yao, na pesa hizo amezitumia kununua cherehani hapa hapa Kisauni.

Baba hakufurahi. Siku mbili tatu alikuwa akiutazama ukuta palipopangiwa televisheni. Majirani walikuja kutoa pole ya safari, wakatupa macho pembeni, wakaondoka na tende. Nilimsikia mmoja akiuliza mlangoni, "Ndiyo hivyo tu?" Shangazi alimsikia pia. Aliendelea kupima kitambaa.

Nakala ya orodha ninayo kwenye daftari langu, na sidhani kama nimewahi kuandika kitu kingine kilichosomwa kwa makini namna ile. Ina mistari kumi na minne. Thamani ya jumla ni ndogo, nimeona haya kuitaja hapa. Mstari wa kwanza unasema: chupa ya chai, moja, imetumika.