Baragumu Katika Mgunda Mkali

Nimesikia mara nyingi, na ikisemwa kwa uhakika mkubwa, kwamba Singida haikujua muziki wa ala za kupuliza mpaka wamisionari walipoleta tarumbeta. Siikubali kauli hii. Anayeitoa anaihesabu Singida ya makanisa na kuisahau Singida ya njia.

Njia yenyewe ya misafara inajulikana. Ilitoka Bagamoyo, ikakata Ugogo, kisha ikaingia Mgunda Mkali, pori la miiba lenye maji ya kubahatisha, ambalo sehemu yake kubwa leo imo katika maeneo ya Manyoni na Itigi. Mbele yake kulikuwa na Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo. Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walipita humo Oktoba 1857, na kitabu cha Burton kikatoka 1860. Tunakisoma kwa ajili ya habari zake za maziwa makuu. Kurasa zake kuhusu mpangilio wa msafara ndizo tunazoziruka, ilhali kwa mwanamuziki hizo ndizo hazina.

Humo tunamwona kirangozi, kiongozi wa msafara, akitangulia na bendera nyekundu ya Zanzibar iliyochanwa na miiba, amevaa joho jekundu na manyoya kichwani. Nyuma yake yupo mpiga ngoma, na ngoma yenyewe ni nyembamba katikati. Kisha inasikika pembe ya tandala, ambayo Burton aliiandika jina karibu kabisa na tunavyolitamka leo: baragumu. Tundu lake hutobolewa ubavuni, karibu na ncha, na sauti zake ni chache. Lilipulizwa msafara ulipoondoka kambini, na tena ulipokaribia kijiji, ngoma na kelele za watu zikichanganyika nalo. Kirangozi aliongoza, wapagazi wakaitikia.

Burton aliuona uimbaji wa Waafrika kuwa ni maneno machache yasiyo na maana, yanayorudiwa mpaka yachoshe. Masikio yake nayaamini, hukumu yake siitaki. Kiitikio kinarudiwa kwa sababu ndicho kinachowaunganisha mamia ya watu waliotawanyika kwenye njia nyembamba. Aliye mkiani hamwoni kirangozi, anamsikia. Mtu aliyesafiri nao kwa miezi alipaswa kulielewa hilo.

Kuna waliokwenda mbali zaidi ya Burton wakasema nyimbo hizo ni vilio vya watumwa. Watumwa walipita njia hiyo kweli, na minyororo yao haifutiki. Lakini mpagazi wa Kinyamwezi hakuwa mtumwa kwa kubeba tu. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha 2006 kuhusu wapagazi, anawaonyesha kuwa wafanyakazi wenye ujuzi na ujira, waliojua kudai haki yao na kugoma kwa kutua mizigo. Kwa kijana wa Unyamwezi, kwenda pwani na kurudi kulikuwa kipimo cha uanaume. Nikimsoma Rockel naelewa kwa nini baragumu lilipulizwa kwa majivuno namna ile langoni mwa kijiji: waliofika walitaka ijulikane kwamba wamefika.

Njia kuzaa muziki si jambo geni. Huko Galicia, Hispania, mahujaji wamekuwa wakitembea kwenda Santiago de Compostela tangu karne za kati, na nyimbo za gaita, zumari ya mfuko ya wenyeji, zimeingia katika muziki wa okestra za ala za kupuliza. Hatua za miguu zimekuwa mdundo. Mgunda Mkali una hatua kama hizo, na ala ya kupuliza ilikuwa tayari humo.

Reli ya Kati ilifika Tabora 1912, na biashara ya mabega ikafifia. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaja, na beni, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi, ikaenea na askari. Hiyo ni habari ya makala nyingine.

Mmisionari mmoja nitamtendea haki. Howard Olson alifika Tanganyika 1946 na misheni ya Kilutheri ya Augustana, ambayo uwanja wake ulikuwa Singida. Mwaka 1964 alichapisha utafiti wa sauti na maumbo ya Kirimi, yaani Kinyaturu. Baadaye, akiwa mwalimu wa chuo cha theolojia Makumira, alihimiza nyimbo za ibada zenye tuni za Kiafrika, na mkusanyo wa Tumshangilieni Mungu ukazaliwa. Wapo wanaomdharau wakisema kwamba mgeni aliwafundisha wenyeji nyimbo zao. Mimi naona aliwasikiliza kwanza. Hata hivyo mojawapo ya zilizovuka bahari na kuimbwa duniani, Mfurahini Haleluya ya Bernard Kyamanywa, ina tuni ya Kihaya. Za Singida, nionavyo, zimebaki nyuma.

Sababu mojawapo, nadhani, imo katika utafiti uleule wa 1964. Kinyaturu ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno. Kiswahili hakina hilo, kwa hiyo maneno yake hukubali tuni ngeni kwa urahisi zaidi. Maneno ya Kinyaturu yakilazimishwa kufuata tuni ya Ulaya, huweza kupoteza maana. Anayetaka kuyaandikia tarumbeta na amwombe bibi wa Kinyaturu ayaseme kwanza, polepole, kabla ya kuyaimba.