Nyumba ya zamani na njia inayopita mlangoni

Katika miji yetu ya zamani, Tabora ikiwemo, kuna nyumba zilizoandikwa ukutani "Nyumba hii haiuzwi", na kuna nyingine ambazo wenyewe wanataka kuuza lakini mnunuzi haonekani. Dalali huja mara moja, hutazama paa, huondoka. Wenye nyumba husema watu hawana fedha. Historia ya Tabora inaonyesha kuwa hiyo siyo sababu pekee.

Mwaka 1857 Burton na Speke walipofika Kaze, Unyanyembe, walikuta Waarabu wakiishi katika matembe makubwa. Thamani ya matembe hayo haikutokana na udongo na miti tu. Ilitokana na njia. Misafara ya kutoka Bagamoyo ilikutana hapo, kisha ikagawanyika: mingine ilikwenda Ujiji, mingine Karagwe na Buganda. Mfanyabiashara alihitaji mahali pa kuweka vitambaa, shanga, pembe za ndovu na, tusifiche, hata watu waliotekwa. Livingstone na Stanley walifika Kwihara Februari 1872, na Livingstone akabaki katika tembe hadi Agosti akisubiri wapagazi.

Mwaka 1871 Mtemi Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji, biashara ilikwama ingawa kuta za matembe zilikuwa zile zile. Kisha reli ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mzigo ukahamia kwenye behewa, na watu wakaufuata stesheni. Tembe la Kwihara leo ni makumbusho.

Kwa hiyo, anayeuza nyumba ya babu asipange bei kwa kukumbuka njia ya babu. Atazame barabara, soko na maji ya leo. Tena, mnunuzi mwenye akili haogopi nyumba kuukuu. Anaogopa warithi wengi na hati yenye jina la marehemu. Familia ikae kikao, imteue msimamizi wa mirathi, mahakama imthibitishe, na hati irekebishwe kabla ya kumwita dalali.

Wakati huo paa lisisahauliwe. Nyumba tupu, mvua za msimu mmoja hutoboa paa, za msimu wa pili hulaza ukuta, na bei hushuka pamoja nao. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.